Yule Hakuwa Nyamanza

Mama mkwe wangu aliacha kula siku tulipomzika Wiston, na mimi nikadhani ni msiba tu. Nani anakula vizuri akiwa ametoka kumzika mwanawe? Hata mimi mjane wake nilikuwa natafuna ilimradi meno yanacheza. Lakini waombolezaji wakarudi makwao, masufuria ya kuazima yakarudishwa kwa wenyewe, na mama bado hagusi chungu. Nikipakua maharage, anasema ameshiba. Ameshiba nini, jamani? Nikisonga ugali wa muhogo, ambao zamani alikuwa akiufuata kwa harufu, anamsogezea mjukuu wake Tecla. Mwenyewe anakwenda shambani, anachuma ndizi mbivu, anaila hukohuko kwenye migomba, anakunywa maji kwa kikombe chake alichokitenga, basi. Ilipofika wiki ya pili nguo zilianza kumvuka mwilini.

Mimi sina subira. Nimeolewa hapa Mabawe kutoka Nyantakara, na majirani bado wananitania kwamba kelele zangu zilifika kabla ya mizigo yangu. Msiba haukunipunguzia hata kidogo. Nilimkasirikia Wiston kwa kufa, nikamkasirikia Mungu, nikamkasirikia yule mlinzi, na huyo mlinzi ndiye niliyekuwa nalala naye na kuamka naye kichwani.

Maana Wiston hakuugua. Alikuwa amepeleka maharage Biharamulo. Wakati wa kurudi tairi la pikipiki likapasuka kwenye kituo kimoja cha njiani, akamwachia fundi, na hapo ndipo ile mvua ya Machi ikamwaga kila ilichokuwa nacho. Akajifunika sandarusi kichwani, akakimbilia baraza ya ghala la mtu. Ilikuwa jioni, watu bado wanapita. Mlinzi wa ghala akatokea nyuma, akaona mtu kajifunika kichwa kasimama kwenye mlango wenye kufuli, akamshushia rungu. Alipiga kwanza ndipo akauliza. Wanasema alipoifunua ile sandarusi na kuona ni mtu aliyelowa tu, alikaa chini palepale akaanza kulia. Alie. Mimi nimelia zaidi yake.

Basi siku moja mchana uvumilivu ukaniishia. Nilipakua ugali na kisamvu, nikaweka sahani mbele ya mama pale jikoni, nikasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mama, leo hutoki hapa bila kula. Kama unataka kumfuata mwanao, sema tujue. Mimi na Tecla unatuacha na nani?"

"Mama Tecla, niache."

"Sikuachi!"

"Nikila kwenye chungu chenu nitamuua huyu mtoto!" Alipaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, huku akimwonyesha Tecla aliyekuwa amekaa sakafuni akichezea magunzi. "Wiston ametosha. Huyu simtoi."

Nikaitoa mikono kiunoni. Mama akainuka kwa kujishikilia ukutani, akapeleka mkono juu kwenye uchaga, pale juu ya moto tunapokaushia mahindi ya mbegu, akatoa kitu kilichofungwa kwa ganda kavu la mgomba. Akakifungua mapajani. Ndani mlikuwa na ndege mdogo, amekauka kwa moshi, kichwa kimeinama upande.

"Nyamanza," akasema. "Nimemuua mimi."

Nyamanza kila mtu wa huku anamjua. Ni yule ndege mweusi kwa mweupe anayetembea uani akitikisa mkia, haogopi watu, anaokota vijidudu karibu kabisa na kwato za mbuzi. Katika ukoo wa mume wangu nyamanza hauawi. Ni wa nyumbani kama watu wengine wa nyumbani. Anayemuua, hata kwa bahati mbaya, ameibomoa nyumba yake, na hatakiwi tena kula chungu kimoja na wenzake asije akawamaliza. Kwetu Nyantakara hatukuwa na mwiko huo. Niliambiwa siku za harusi, nikaitikia kama mtu anavyoitikia mambo ya ukweni, na sikulifikiria tena.

"Ni siku ile ya mvua," mama akasema. "Tecla alikuwa amelala hapo kwenye mkeka. Kitu kikaingia mlangoni, kikazunguka kwenye moshi, kikamshukia mtoto usoni. Nilidhani popo. Nikashika fagio nikapiga. Nilipomwinua nikaona nyeusi na nyeupe, nikajua nimekwisha. Hata kabla simu haijapigwa nilishajua kuna mtu ananiondokea. Nilimpiga mchana, jioni wakampiga mwanangu."

Nilikaa chini. Mwanamke huyu alikuwa anajiua kwa njaa ili mwanangu aishi, nami nimesimama mlangoni namfokea. Nilitamani kumkumbatia lakini alijivuta nyuma asiniguse, akaanza kumfunga tena yule ndege.

Hapo ndipo nikaona kitu kikanikera. Ua ule nimeufagia tangu nilipoolewa, na nyamanza wananitangulia mbele ya fagio kila asubuhi. Nawajua kwa mikia yao, maana mkia wa nyamanza ni mrefu, haupumziki. Huyu mkia wake ulikuwa mfupi.

"Mama, huyu mbona mkia umeishia hapa?"

"Umekatika."

"Haujakatika, tazama manyoya yametimia."

"Basi ni mchanga. Mama Tecla, wewe hukukua na nyamanza, utamjulia wapi?"

"Sawa, mimi simjui. Ila kuna mtu anajua. Nipe huyo ndege."

Alikataa. Nikabembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Mwishowe alimweka mkononi mwangu kwa mikono yake miwili, kama mtu anayekukabidhi kichanga. "Usimdondoshe," akasema.

Mtu mwenyewe alikuwa Theonest wa Kasulo, aliyesoma na Wiston. Kazi yake ni kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege kwenye misitu ya upande wa Biharamulo. Wiston alikuwa akimcheka, eti ni mwanamume mzima anayelipwa kwa kunyamaza vichakani. Nilimtumia picha kwa simu, akanijibu kwamba picha ni nyeusi kama kitako cha sufuria, haoni hata mdomo. Kesho yake nikapanda pikipiki, ndege nimemweka ndani ya kopo, nimemzungushia pamba.

"Shemeji, umeniletea kitoweo?" akauliza nilipofungua kopo.

"Theonest, leo sina utani. Huyu ni nyamanza au si nyamanza?"

Aliona uso wangu akaacha mzaha. Akanawa mikono, akaleta sahani nyeupe na mswaki laini, akamlaza ndege na kuanza kumpangusa moshi kidogo kidogo. Hakukawia.

"Huyu si nyamanza. Nyamanza mwenyewe akimwona atakataa undugu."

"Usiniambie kwa kunifurahisha. Nionyeshe, maana ninakokwenda nitaulizwa."

"Anza na miguu," akasema. "Nyamanza ni mtembeaji, kutwa yuko chini, kwa hiyo ana miguu mirefu. Huyu tazama, njiti za kiberiti zilizovunjwa katikati. Hatembei huyu. Anakaa kimya kwenye tawi, nzi akipita anachomoka, anamdaka hewani, anarudi kutulia. Mara nyingine akitulia utamwona anapunga bawa moja tu. Ndiyo sababu mdomo wake ni mpana hapa mwanzoni, na pembeni ana hivi vinyweleo. Sisi tunamwita mdaka nzi."

"Lakini rangi ni ileile."

"Rangi inadanganya wengi. Nyamanza ana unyusi mweupe juu ya jicho na mkanda mweusi kifuani. Huyu hana unyusi, ana doa jeupe hapa kwenye paji, na kifua chote cheupe. Sasa tazama hapa." Akainama akapuliza manyoya ya shingo. Chini ya rangi ya moshi kukatokea weupe safi, ukazunguka mpaka kisogoni. "Kora," akasema kwa furaha.

"Kora ndiyo nini?"

"Kora! Kora ya shati! Kora ya padri!"

"Aa, kola."

"Si ndicho nilichosema? Kora."

Nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kicheko chenyewe hakikufika mbali kikageuka kilio. Theonest akaniacha nilie. Aliendelea kumpangusa ndege wake taratibu, na nilipomaliza akaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

"Ana nduguye ambaye kora inaishia pembeni mwa shingo, haifiki nyuma. Huyu imezunguka yote, kwa hiyo ni yule wa kora nzima. Na ni dume. Wakija huku mwishoni mwa mwaka madume nao wanakuwa wamefifia, kijivujivu, huwezi kuwatofautisha na majike. Ikifika Machi wamebadilisha manyoya, wamevaa nguo za harusi, wanarudi kwao kuzaa."

"Kwao wapi?"

"Ulaya, kwenye misitu. Baridi ikianza wanaondoka, wanapita kwetu wanakwenda kusini kwenye miombo, halafu wanarudi njia hiyohiyo. Na mwili wote huu, shemeji, uzito wake ni kama vijiko vitatu vya sukari."

"Mbona aliingia jikoni kwetu?"

"Mvua. Ikiwakuta kubwa wanashuka popote penye nafasi. Huyu ni wa msituni, hana habari na nyumba za watu. Alitaka kujikinga tu."

Sikusubiri hata chai. Njiani kurudi Mabawe nilikuwa nayarudia kichwani: miguu, mkia, mdomo, paji, kola. Miguu, mkia, mdomo, paji, kola. Moyo ulikuwa mwepesi mpaka nikaona haya, mjane gani huyu anayetabasamu juu ya pikipiki.

Mama nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, Tecla pembeni yake.

"Mama, si nyamanza!" nilianza kupiga kelele nikiwa bado njiani. "Si nyamanza, nimekwambia!"

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Shikamoo mama. Si nyamanza!"

"Marahaba. Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie!"

Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kopo, nikamlaza ndege juu ya kitenge changu. Mungu naye hakuwa mbali siku hiyo, maana nyamanza wa kweli alikuwa palepale uani anazunguka miguu ya mbuzi. Nikamwambia mama amtazame yule, halafu amtazame huyu. Hakutaka. Nikamshika kidevu, jambo ambalo mkwe hafanyi, nikamgeuza.

Akatazama. Yule wa uani alikuwa anapiga hatua zake, mguu huu, mguu huu, mkia juu chini juu chini. Mama akachukua mguu wa yule mkavu kwa ncha ya kidole, akaupima. Akamgeuza chali, akatafuta mkanda mweusi kifuani, hakuupata. Nilitaka kumsomea somo langu lote lakini sikuhitaji. Mtu aliyeishi na nyamanza tangu utoto, ukimpa nafasi ya kutazama bila hofu, anaona mwenyewe. Alipofika shingoni akapuliza manyoya, ingawa sikumwonyesha kupuliza.

"Kola," akasema. "Kama ya padri."

"Ndiyo mama."

"Huyu si wetu." Akashusha pumzi ndefu. "Huyu si wetu kabisa. Ee Mungu, si wetu."

Nilikimbilia jikoni. Nilisonga ugali sijawahi kusonga vile, nikapasha kisamvu, nikaweka sahani moja kubwa na kuwaita. Mama akaingia, akanawa, akaketi, na Tecla na mimi tukauzunguka ule ugali. Akakata tonge. Nilikuwa najifanya simtazami. Akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Tecla akampigia makofi, yule mtoto, kwa kuwa na yeye alikuwa anajua.

Alipokata tonge la pili mkono ukasimama.

"Mama Tecla. Sasa huyu jikoni kwangu alifuata nini?"

Mimi nilikuwa na furaha, mdomo umejaa. Nikamweleza yote. Kwamba ni mgeni wa watu, kwao ni mbali huko Ulaya, alikuwa anarudi nyumbani kuzaa, mvua kubwa ikamkuta njiani akaona mlango uko wazi.

"Akaingia kujikinga mvua," mama akasema.

"Ndiyo."

"Mvua ile ya siku ile."

Nikaacha kutafuna.

"Mimi nikaona kitu kimeingia," akaendelea taratibu, tonge bado mkononi. "Sikuuliza ni nani. Sikungoja nikione vizuri. Nilikuwa namlinda mtoto."

"Mama, ulidhani popo. Mtu yeyote angedhani popo."

"Ndiyo. Nilidhani." Akalitazama lile tonge. "Na yule naye alidhani. Na yeye alikuwa analinda."

Damu ilinichemka mpaka masikioni. "Mama, usianze."

"Kwao ni wapi?"

"Kwa nani?"

"Huyo mlinzi. Ana mama?"

Anaye. Nilimwona siku ya kwanza ya kesi, mama wa makamo ya huyuhuyu, viatu vya plastiki, ameshika hotipoti ya chakula cha mwanawe kwa mikono yote miwili na hakuna aliyemruhusu kuipeleka. Alitaka kuja kwangu. Nikageukia ukuta.

"Anaye," nikasema. "Na akae naye hukohuko."

"Nikipata nguvu nitakwenda kumwona."

"Kumwambia nini? Asante?" Sasa nilikuwa nimesimama napiga kelele, na Tecla ameanza kulia. "Huyu ni ndege, mama! Ndege! Wiston alikuwa mtu, alikuwa mume wangu, mwanangu anamwita mpaka leo! Unawapima kwa mizani moja?"

"Siwapimi," akasema. Hakupandisha sauti. "Wiston nilimzaa mimi, siwezi kumuuza kwa ndege. Lakini tangu tumzike najiuliza, ni mtu wa namna gani huyo, anaweza kumpiga mtu aliyelowa? Nautafuta uso wake nisiupate. Nilidhani ana uso wa shetani." Akaweka kiganja kifuani pake. "Kumbe ni uso huu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, lakini lile tonge akalitia mdomoni, akakata jingine, akala. Alikula kama mtu mwenye safari. Tecla akanyamaza, akajisogeza magotini pa bibi yake, wakawa wanakula pamoja kwenye sahani moja, nami nimesimama juu yao nimekunja ngumi.

Nikatoka nje, nikaenda mpaka kwenye migomba ili wasinisikie, nikalia kwa sauti. Mama ana ndege wake wa kumwonyesha hayo. Mimi sina. Nilitaka ale tu, Mungu wangu. Nilitaka ale, basi. Hayo mengine sikuyaomba.